Kwa nini paja la nguruwe lina nyama ya rangi mbili?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina bucha ya kitimoto hapa Mbeya, na nyumbani nafuga nguruwe wachache, machotara wa Large White na Landrace. Kila nikipasua paja la nyuma nakuta msuli mmoja wenye rangi mbili. Upande wa ngozi nyama ni nyeupe, upande wa mfupa ni nyekundu iliyokolea. Wateja wengine wanaikataa ile nyekundu, wanasema nguruwe alikuwa mgonjwa au mzee, au eti nimechanganya nyama. Mpishi wangu naye analalamika kwamba ya paja hukauka kwenye kikaango wakati ya bega hubaki laini. Tatizo ni nguruwe wangu, ni chakula ninachowapa, au ni mchinjaji? Na kuna njia ya kuifanya nyama yote iwe ya rangi moja?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile linalokupotezea wateja. Wekundu huo si ugonjwa wala uzee, na hakuna aliyekuchanganyia nyama. Kwa maelezo yako, msuli unaousema ni semitendinosasi. Unaanzia kwenye mfupa wa makalio, unashuka nyuma ya paja na kujishikiza chini ya goti. Kwa nguruwe mwenye afya, awe wa Mbeya au wa Denmark, upande wa ndani wa msuli huo ni mwekundu na upande wa nje ni mweupe. Watafiti wa nyama wanaupenda kwa sababu ileile inayokusumbua wewe. Unawapa nyama mbili tofauti kutoka kwa mnyama mmoja, mguu mmoja, aliyekula chakula kimoja na kuchinjwa kwa kisu kimoja, kwa hiyo tofauti wanayoipima haiwezi kusingiziwa malezi. Mteja akibisha, ukate msuli huo kwa kuukingama mbele ya macho yake, kwenye miguu yote miwili. Ataona mpaka uleule, mahali palepale, kushoto na kulia. Ugonjwa hauna adabu ya namna hiyo.

Sasa twende kwenye sababu, maana ukishaielewa utaweza pia kumjibu mpishi wako.

Nyama ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu na nyembamba sana. Nyuzi hizi hazifanani kazi. Uzi unaotakiwa kuvuta kwa saa nyingi bila kuchoka unahitaji oksijeni mfululizo. Kwa hiyo umezungukwa na mishipa mingi midogo ya damu, una mitokondria nyingi za kuunguza mafuta na sukari kwa oksijeni, na una mayoglobini ya kutosha. Mayoglobini ni protini yenye madini ya chuma inayoshika oksijeni ndani ya msuli, na hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wake. Wengi hudhani ni damu iliyobaki, na ndiyo maana mchinjaji hulaumiwa kwamba hakumwaga damu vizuri. Nyama inaweza kuwa imemwagwa damu sawasawa na bado ikawa nyekundu.

Uzi wa namna ya pili ni wa pupa. Unavuta kwa kasi na kwa nguvu, lakini kwa muda mfupi. Hausubiri oksijeni. Unavunja glaikojeni, yaani sukari ya akiba iliyomo ndani yake wenyewe, na kubakiza asidi ya laktiki. Mayoglobini yake ni kidogo, kwa hiyo uzi ni mweupe. Kwa kawaida pia ni mnene kuliko ule mwekundu, na unene huo ndio unaomfanya mfugaji aupende hata kama hajui jina lake, kwa sababu ndio unaojaza paja. Ukumbuke huo mkasa wa glaikojeni na asidi, tutaurudia tukifika machinjioni.

Tofauti hii si habari mpya. Mfaransa Louis Ranvier aliieleza kwa sungura katika miaka ya 1870, alipoona misuli myekundu inajikunja polepole na myeupe inajikunja kwa kasi. Siku hizi tunazigawa nyuzi katika aina nne kwa kufuata mayosini, protini inayofanya kazi ya kuvuta. Aina ya I ni ya polepole. IIA ni ya kasi lakini bado inaitumia oksijeni vizuri. IIX ina kasi zaidi, na IIB ndiyo ya kasi kuliko zote na nyeupe kuliko zote.

Hapo kwenye IIB ndipo nguruwe anapojitenga na wanyama wengine wakubwa. Ng'ombe, kondoo, farasi, na sisi binadamu pia, tunayo jeni ya mayosini hiyo, lakini kwa kawaida misuli yetu ya miguu na mgongo haiitumii. Panya anaitumia. Nguruwe naye anaitumia, tena sana. Chukua ule msuli mrefu wa mgongoni unaokatiwa chopsi: nyuzi za polepole ni takriban moja tu kati ya kumi, na nyingi ya zilizobaki ni IIX na IIB. Kwa hiyo mteja anayeilinganisha nyama ya nguruwe na ya ng'ombe na kushangaa mbona hii ni nyeupe, ameuona utofauti wa kweli wa kibaiolojia, ingawa hajui ameona nini.

Utofauti wa pili unaonekana kwa darubini tu. Maabara hugandisha kipande cha msuli kwa ubaridi wa naitrojeni ya kimiminika, hukikata vipande vyembamba mno, kisha huvichovya kwenye maji ya asidi au ya alkali kabla ya kuvitia rangi. Vikipita kwenye asidi ya pH 4.3 (pH ni kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, asidi inazidi), nyuzi za polepole hutoka nyeusi na za kasi hutoka nyeupe. Vikipita kwenye alkali ya pH 10.4, mambo hugeuka. Ukifanya hivyo kwa ng'ombe utaona nyuzi za polepole zimetawanyika huku na kule. Kwa nguruwe zimekaa kwa vishada: aina ya I katikati, IIA zikizizunguka, halafu IIX, na IIB pembezoni, mfano wa kiini cha yai na ute wake. Mpangilio huo ni wa ukoo wa nguruwe, na mtu aliyezoea darubini humtambua mnyama kwa huo peke yake.

Kwenye miguu, kanuni ya kwanza ya kukumbuka ni hii: kadiri unavyokaribia mfupa, nyama inazidi kuwa nyekundu. Juu kabisa ya mfupa wa paja, umefichwa chini ya misuli mingine inayonyoosha goti, kuna msuli mdogo uitwao vastasi intamediasi. Huo nyuzi zake nyingi ni za polepole, na ukiutoa peke yake unaweza kudhani umetoka kwa ng'ombe. Nyuma ya muundi kuna msuli uitwao solesi, ambao nyuzi zake nyingi ni za aina ya I. Misuli mikubwa inayokupa kilo, yaani bisepsi femorisi wa upande wa nje wa paja, semimembranosasi wa upande wa ndani, na gluteasi wa matakoni, imetawaliwa na nyuzi za kasi, hasa kwenye tabaka la juu.

Mguu wa mbele una hadithi ndefu zaidi, na ndiko jibu la mpishi wako lilipoanzia. Nguruwe hana mtulinga. Mguu wake wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa hata kimoja. Kifua chote kimening'inizwa katikati ya miguu miwili kwa misuli, na mkubwa kati ya hiyo ni seratasi, unaotoka mbavuni na shingoni kwenda kushika upande wa ndani wa mfupa wa bega. Mnyama akisimama, msuli huo uko kazini. Ongeza kwamba miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu kichwa na shingo viko upande huo. Ndiyo maana seratasi, romboidi wa juu ya bega, na ile misuli miwili iliyolala juu ya mfupa wa bega wenyewe ina nyuzi nyingi zaidi za kutumia oksijeni kuliko misuli mikubwa ya paja. Hata trisepsi, unaozuia kiwiko kisikunjike mnyama akiwa amesimama, umegawanyika: kichwa chake kirefu na kikubwa ni cheupe kiasi, lakini kile kidogo kinachogusa mfupa ni chekundu.

Kazi ya kusimama, basi, imepewa misuli midogo ya ndani, iliyo karibu na kiungo. Kazi ya kufyatuka imepewa misuli mikubwa ya nje. Nguruwe wa bandani anafyatuka mara ngapi kwa siku? Huenda asifyatuke hata mara moja. Sehemu kubwa ya siku amelala. Misuli yake mikubwa ya paja ni kama injini ambayo haiwashwi, lakini sisi wafugaji tumeikuza kizazi baada ya kizazi kwa sababu inajaza sahani. Watafiti wa Ulaya waliomlinganisha nguruwe mwitu na wa kufugwa walikuta wa mwitu ana nyuzi nyingi zaidi za IIA, zile zenye kasi na pumzi, wakati wa kufugwa ana IIB nyingi zaidi, tena nene zaidi. Tumemfuga mkimbiaji wa mbio fupi asiyekimbia.

Unauliza kama unaweza kuifanya nyama yote iwe ya rangi moja. Hapana, na nitakueleza kwa nini usihangaike.

Idadi ya nyuzi huamuliwa kabla hujamwona huyo mnyama. Mimba ya nguruwe ni siku 114, ile hesabu yetu ya miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kundi la kwanza la nyuzi hujengeka takriban kati ya siku ya 35 na ya 55. Kisha, hadi kama siku ya 90, kundi la pili na kubwa zaidi hujipanga kuzunguka kila uzi wa kwanza. Nyuzi za kwanza ndizo kwa kawaida huja kuwa za polepole, zile za pembeni nyingi huwa za kasi, na hapo ndipo vishada nilivyovieleza vinapotokea. Baada ya kuzaliwa msuli hukua hasa kwa nyuzi kunenepa na kurefuka. Hili linaeleza lile jambo kila mfugaji analolijua, kwamba kile kitoto cha mwisho, kidogo kuliko wenzake, hata ukikipa chakula cha kutosha hakiwafikii. Mara nyingi kilizaliwa na nyuzi chache za kundi la pili. Kumlisha zaidi mama nguruwe wakati wa mimba ili kuongeza nyuzi kumejaribiwa, na matokeo yamepingana. Kinachoeleweka vizuri ni kwamba mama asibanwe chakula kupita kiasi.

Aina ya uzi nayo huongozwa sana na mshipa wa fahamu unaoushika. Mwaka 1960 watafiti Buller na akina Eccles wawili walichukua paka, wakabadilishana mishipa ya fahamu kati ya msuli wa polepole na wa kasi, na misuli ikaanza kubadili mwendo kufuata mshipa mpya. Kwa hiyo pumba, mashudu na dagaa unaowapa nguruwe wako haviwezi kuugeuza wekundu wa vastasi kuwa mweupe. Chakula kitaongeza unene wa nyuzi na mafuta kati yake. Mazoezi, kwa mfano nguruwe wanaotembea malishoni, huongeza uwezo wa kutumia oksijeni na kuzisogeza baadhi ya nyuzi za IIB na IIX kuelekea IIA, lakini nyuzi za polepole hazibadiliki sana. Ukoo wa mnyama una uzito zaidi. Nguruwe wa Iberia, wanaokula matunda ya mialoni kwenye malisho ya Hispania na Ureno, wana nyama nyekundu na mafuta ndani kwa ndani, na watu wanalipa fedha nyingi kwa wekundu uleule ambao mteja wako anaukataa. Ladha ni mazoea.

Kuna rangi nyingine, hata hivyo, ambazo wewe mwenye bucha unapaswa kuziogopa, na hapa ndipo ningependa uweke akili yako yote.

Ya kwanza ni nyama iliyopauka, laini, inayotoa maji sinia nzima. Mnyama hai ana pH ya msuli ya takriban 7.2. Akishachinjwa, damu haileti tena oksijeni, kwa hiyo nyuzi zote zinahamia kwenye kuvunja glaikojeni, na asidi inajikusanya. Kwa nguruwe wa kawaida pH hushuka taratibu kwa saa kadhaa mpaka karibu 5.5 au 5.7. Akichinjwa akiwa amehemkwa, ametoka kukimbizwa, kupigwa na kupiga kelele, nyuzi za kasi humaliza kazi hiyo kwa dakika. Ukikuta pH iko chini ya 6.0 dakika 45 baada ya kuchinja, wakati nyama bado ina joto la mwili, imeshaharibika. Asidi na joto vikikutana huunguza protini, nazo huacha kushika maji. Misuli inayoumia zaidi ni ile yenye IIB nyingi, yaani mgongo na paja. Bega husalimika mara nyingi.

Damu ya Landrace uliyonayo bandani inanifanya niongeze neno. Landrace wa baadhi ya nchi za Ulaya, pamoja na Pietrain wa Ubelgiji, walikuwa na jeni iliyowafanya wakakamae na kufa kwa mshtuko, wakati wa kusafirishwa au wakipewa dawa ya usingizi ya halotheni. Mwaka 1991 ilibainika kwamba herufi moja tu imebadilika katika jeni ya mlango unaotoa kalisiamu ndani ya uzi wa msuli. Mlango haufungi vizuri, msuli unajikunja bila kuambiwa, joto linapanda. Tangu hapo kipimo cha vinasaba kimesaidia kuiondoa kwenye makundi mengi ya mbegu. Lakini kama una dume ambaye watoto wake wanakufa ghafla mkiwapakia kwenye gari, au nyama yao inatoa maji kila mara, badilisha dume. Usisubiri maabara.

Ya pili ni kinyume chake: nyama nyeusi, kavu, inayonata kwenye vidole. Hiyo hutokea mnyama akichoka kwa muda mrefu, labda kakaa njaa siku nzima, kapigana na nguruwe wageni, au kasafirishwa mbali. Glaikojeni imekwisha kabla ya kisu, asidi haitengenezwi, na pH inabaki juu ya 6.0 hata baada ya saa 24. Misuli ya nyuzi za polepole, ya bega na shingo, ndiyo inayoathirika kwa urahisi. Nyama ya hivyo haina madhara kwa mlaji ikiwa haijakaa na ni safi, ila huoza mapema kwa sababu bakteria hupenda pH hiyo. Kwa bucha isiyo na friji ni hasara ya hakika. Utaitofautisha na wekundu wa kawaida kwa kuangalia mpaka: wekundu wa nyuzi una mahali pake na jirani yake ni mweupe, lakini weusi huu huenea kwenye misuli mizima.

Ya tatu huwapotosha hata wazoefu. Ukifungua paja ukakuta ndani kabisa, karibu na mfupa, pale ambapo semimembranosasi inapaswa kuwa na rangi iliyokolea kidogo, nyama imepauka, imelegea, na nyuzi zinaachana ukizigusa kwa kidole, hapo mpangilio umegeuka: mfupani ni weupe, nje ni rangi ya kawaida. Hilo si suala la aina ya nyuzi. Paja ni nene, katikati yake hupoa mwisho, na asidi iliyopatikana huko ikakutana na joto lililokwama. Viwanda vya mapaja ya kupikwa vya Ufaransa vinalijua tatizo hili vizuri. Kwetu, ambako nguruwe mara nyingi huchomwa manyoya kwa moto au kumwagiwa maji ya moto na kisha kuachwa mzima juu ya meza, ningeshangaa lisingetokea.

Weupe wa mistari mistari kama umechorwa, ukiwa na ugumu wa chaki kwenye misuli ya paja ya nguruwe mchanga, unaweza kuwa upungufu wa vitamini E na seleniamu. Hiyo mwonyeshe daktari wa mifugo. Na vijifuko vya maji vyenye kidoa cheupe ndani, vya ukubwa wa punje ya njegere, si mayai, ni watoto wa tegu. Hupenda misuli yenye kazi na damu nyingi, ulimi, moyo, misuli ya taya na bega la mbele, kwa hiyo mnyama anaweza kuonekana safi pajani na akawa amejaa begani. Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu tatizo hili. Mzoga wa hivyo ni wa mkaguzi wa nyama, hauuzwi, hata mteja akikuambia ataukaanga mpaka ukauke.

Turudi kwa mchinjaji, uliyeuliza kama ndiye tatizo. Hakuiumba ile rangi mbili. Ukavu wa paja, ndiyo, anaweza kuwa na mkono wake, na wewe pia. Ukimfunga nguruwe miguu minne, ukamlaza kwenye pikipiki kutoka Mbozi akipiga kelele njia nzima, kisha ukamchinja dakika kumi baada ya kufika, umewasha nyuzi zote za IIB kwa pamoja. Mlete mapema, ikiwezekana jioni, akiwa na wenzake wa banda moja. Mpe maji muda wote, msitishie chakula kama saa 12 kabla ya kuchinjwa, na apumzike angalau saa mbili au tatu baada ya safari. Nguruwe karibu hatoi jasho, kwa hiyo siku ya joto mmwagie maji. Mchinjeni alfajiri. Akishakufa, haraka sasa ndiyo inayotakiwa: toa matumbo, pasua mzoga katikati, utundike panapopita upepo, na paja ulifungue kwa kufuata mshono kati ya misuli ili joto la mfupani litoke. Baridi ya asubuhi ya Mbeya ni friji ya bure ambayo mwenzako wa Dar es Salaam hana.

Mpishi wako ana haki nusu. Nyuzi nyeupe za paja hufikia asidi nyingi zaidi, na protini iliyo kwenye asidi hiyo hushika maji kidogo. Nyuzi nyekundu huishia na pH ya juu kidogo na zina matone ya mafuta ndani yake, kwa hiyo hubaki na unyevu. Lakini sehemu kubwa ya ulaini wa bega haitoki kwenye nyuzi kabisa. Inatoka kwenye mafuta yaliyolala kati ya misuli mingi midogo, na kwenye tishu za kuunganishia ambazo, zikipata moto wa taratibu, huyeyuka na kuupaka mdomo. Tishu hizohizo ndizo zinazoufanya muundi uwe mgumu usipopewa muda. Paja halina hifadhi hiyo. Likikaangwa kwa muda uleule wa bega, litakauka hata mnyama awe amechinjwa na malaika.

Asiweke nyama zote kwenye karai moja. Paja la nje alikate vipande vikubwa kiasi, akikingama nyuzi, alitie mwishoni mafuta yakiwa ya moto sana, na alitoe punde tu wekundu wa katikati unapokwisha, si baadaye. Bega na ile sehemu nyekundu ya karibu na mfupa azichemshe kwanza na chumvi na limao, ziive, ndipo azikaange. Muundi uende kwenye supu.

Nawe buchani, acha kuificha ile nyekundu chini ya nyeupe, kwa sababu mteja akiikuta nyumbani ndipo anapoamini umemchanganyia. Itenganishe kwa kufuata mshono wa msuli, ipange peke yake, na uiuze kama nyama ya rosti kwa bei ileile ya bega.